Vipindi 40 kwa wiki: ungepewa wewe upange masomo ya sekondari, unaweka nini na unakata nini?

Taaluma wa Kata (mleta mada)

Wakuu salaam. Mada ya mtaala kila ikija humu inaishia pale pale, mmoja anasema waongeze ujasiriamali, mwingine kompyuta, mwingine maadili, mwingine kilimo, anakuja wa mwisho anataka sheria za barabarani, ukijumlisha yote mtoto inabidi ahamie shuleni na godoro. Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya kata, ratiba kila Januari naipanga mimi, kwa hiyo leo naomba tuende na masharti. Wiki ina vipindi 40, nane kwa siku, kila kimoja dakika 40. Ukiongeza kitu taja ulichokata. Shule ni hizi hizi zetu, watoto 70 darasani, jengo la maabara lipo ila vifaa ni vya kuungaunga, walimu wa sayansi wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wale wa kutolea mfano Finland nawaomba mkae pembeni kwanza.

Najua mtaala mpya umeanza kuingia tangu 2024, kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali (wa ufundi na kazi za mikono), Biashara imekuwa ya lazima na Historia ya Tanzania na Maadili nayo ya lazima. Siuongelei huo. Naongelea wa kwako, ungekuwa wewe ndio umekaa pale Taasisi ya Elimu na kalamu.

Wangu wa kidato cha kwanza na cha pili huu hapa: Hisabati 7, Kiingereza 6, Kiswahili 4, Sayansi 8 (fizikia kemia baiolojia zikiwa somo moja), Historia na Jiografia kwa pamoja 5, Biashara na hesabu za fedha 3, kazi za mikono 4 za mfululizo siku moja ili watu wasiwe wanatoa vifaa na kurudisha, michezo na sanaa 2, maktaba 1. Jumla 40. Kidato cha tatu ndio mtoto achague anakoelekea. Maadili kama somo nimeyaondoa, mtu aniambie kwanza yanasahihishwaje, mtoto anaandika uaminifu ni msingi wa maendeleo anapata A na kalamu anayoandikia kaiba kwa jirani yake.

Karibuni mnirarue.

Ohm wa Tegeta

Mkuu masharti yako nimeyapenda ila kwenye sayansi umechemka. Hilo la kuunganisha lilishajaribiwa katikati ya miaka ya 2000, fizikia na kemia zikafanywa somo moja, haikuchukua muda zikatenganishwa. Wazo lenyewe kwenye karatasi halikuwa baya, tatizo ni nani anaingia darasani. Chuoni mtu kasomea kemia na baiolojia, mwingine fizikia na hesabu, sasa wewe unamchukua wa kemia na baiolojia unamwambia afundishe umeme, atafanya nini, ataujaza ubao notsi watoto wanakopi kengele inagonga. Wa fizikia ukimpa uzazi wa mimea hali ni ile ile. Ukitaka sayansi moja anza na vyuo vya ualimu, subiri kundi la kwanza litoke ndio uje na ratiba.

Mimi ningeziacha tatu, vipindi vitatu vitatu, jumla 9, hicho cha tisa nakitoa kwenye Kiswahili. Ila ningekata mada ndani yake. Silabasi tuliyosoma sisi, fizikia kidato cha nne ilikuwa na elektroniki, mionzi, tetemeko, mpaka mambo ya sayari na nyota, yaani mtoto anakuchorea transista vizuri kabisa na hajawahi kufungua plagi akaona nyaya tatu. Weka umeme wa nyumbani, kwa nini pasi inamaliza LUKU (umeme wa kulipia kabla) haraka kuliko taa, uniti ni nini, sola ya wati ngapi inatosha friji, waya mwembamba unaunguaje. Mtoto akitoka hapo hata asipoendelea kasoma kitu. Na praktikali ziwe kila wiki, siyo zile za pendulumu na taitresheni zinazofufuka mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa wa NECTA halafu watoto wanakariri majibu ya kifaa ambacho hawajakigusa.

Mama Wawili Moro

"hicho cha tisa nakitoa kwenye Kiswahili" 😂😂 ndio tulipofikia. Yaani mnapanga vipindi vya kila kitu hamjajiuliza hivyo vipindi vinaendeshwa kwa lugha gani.

Wangu darasa la saba alikuwa anajua figo inafanya kazi gani, atakuelezea mpaka umwambie baba inatosha. Sasa yuko kidato cha pili, nikimuuliza figo anaanza sentensi ya Kiingereza aliyoimeza, ikimkatikia katikati basi na figo imeishia hapo. Hajawa mjinga mwaka huu, amebadilishiwa lugha tu, katoka msingi miaka saba ya Kiswahili kapewa ile kozi ya mwanzo ya Kiingereza ya wiki chache halafu haya karibu kemia. Na mwalimu mwenyewe mnajua anavyofanya, anafundisha kwa Kiswahili maana akishikilia Kiingereza darasa zima linamtumbulia macho, kisha anaandika notsi kwa Kiingereza, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Mtoto anaelewa kwa lugha moja anapimwa kwa nyingine.

Na hii siyo hoja mpya ya mama mmoja wa Moro. Tume ya elimu ya Makweta 1982 ilishapendekeza sekondari waanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikaipiga chini. Mimi ningefanya kidato cha kwanza na cha pili masomo yote kwa Kiswahili, halafu Kiingereza kipewe vipindi 8, kifundishwe kama lugha na watu wanaokijua, kuongea, kusoma vitabu vya hadithi, kuandika barua, siyo kuchambua sarufi ubaoni tu. Hivyo viwili vya kuongeza natoa kimoja sayansi (utaokoa muda wa kutafsiri) na kimoja historia. Hiyo Historia ya Tanzania na Maadili si inafundishwa kwa Kiswahili na mbingu haijaanguka.

Kijiwe Nongwa

Mnataka wa kata wasome kwa kiswahili, wa kwenu mmewapeleka inglish midiamu na basi la njano linawafuata getini.

Mama Wawili Moro

Wangu wote wawili kata, wanatembea kwa miguu. Una lingine?

Kijiwe Nongwa

Basi mama nimekaa 🙏 ila hoja yangu kwa wengine iko pale pale. Siku watoto wa wanaotunga mtaala wakisoma kwenye huo mtaala ndio nitauamini.

Gereji Bubu

Mimi siyo mwalimu naongea kama mwajiri, japo ofisi yenyewe iko chini ya mwembe. Vijana wanaokuja kwangu kuomba kujifunza ufundi wengi wamemaliza kidato cha nne, siwalaumu ila jamani kuna vitu vinanishangaza. Unamwambia kijana changanya petroli lita tano na oili kwa uwiano wa moja kwa hamsini ya ile mashine ya kukata miti, anatafuta simu. Na huyo kasoma uwiano miaka yote. Mililita 100 tu. Hajawahi kuona uwiano ukimwagwa kwenye chupa, aliuona kwenye pepa basi. Kupima kwa milimita shida, kusoma mchoro shida, kuandika kotesheni ya mteja ndio usiseme, anaandika "kazi ya gari laki mbili" hajataja spea wala ufundi, mteja akija anabisha wote wawili hawana ushahidi.

Kwa hiyo mimi hisabati zibaki 7 ila mkate yale ya matriki, na dunia kama tufe, na seti, sijawahi kuona mtu anakuja gereji na tatizo la seti. Muweke vipimo, asilimia, kukadiria gharama, kusoma mchoro. Kazi za mikono ziwe 8 siyo 4, mnatoa maktaba, mnatoa michezo (wanacheza sana mtaani hao), na kimoja mtakitafuta wenyewe.

x imepotea

@Gereji Bubu naheshimu sana kazi yako kaka lakini matriki usiguse 😅 nafundisha hesabu na nakuambia ukweli wa ndani, matriki na akaunti na takwimu ndiyo maswali yanayookoa roho za watu kwenye pepa. Ukiyatoa hayo hata hao wachache wanaofaulu tutawakosa. Kila matokeo yakitoka hesabu iko mkiani, anayefaulu ni kama mmoja kati ya wanne.

Na siri nyingine ni kwamba mtoto haanguki kwenye matriki wala logarithimu. Anaangukia kwenye sehemu za darasa la nne. Nikimpa kidato cha kwanza nusu jumlisha theluthi darasa zima linaniandikia mbili juu ya tano. Namba hasi nazo hivyo hivyo, kutoa hasi kwenye hasi ni vita. Halafu silabasi inanikimbiza, nina mada kumi na kitu za kumaliza kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, kwa hiyo najenga ghorofa juu ya mchanga na najua kabisa ni mchanga. Mimi ningekata hivi: muhula wa kwanza wote wa kidato cha kwanza hakuna mada mpya ya hesabu. Sehemu, desimali, asilimia, hasi na chanya, vipimo, uwiano wa oili ya fundi. Vipindi 7 vya mleta mada vinatosha kabisa, sihitaji hata kimoja zaidi. Nahitaji kuruhusiwa kurudi nyuma bila mkaguzi kuniuliza mbona skimu ya kazi inasema uko mada ya nne.

Ohm wa Tegeta

Hapa kwa x nakubali. Hata fizikia yangu inakufa hapo hapo, mtoto ameelewa kabisa kani na mgandamizo halafu anashindwa kugawanya.

Mzee wa Mchepuo

Marahaba, japo hakuna aliyeniamkia.

Nimewasoma wote naona amali amali, kazi za mikono, mnaongea kama kitu kipya. Sisi tulikuwa na michepuo, shule hii kilimo, ile biashara, ile ufundi, za wasichana nyingi sayansikimu (upishi na mambo ya nyumbani). Mimi nilikuwa kilimo. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ndiyo ilikuwa inatusukuma, tulikuwa na ng'ombe, na nguruwe, na shamba la mahindi ambalo kweli tulilila. Mwalimu wa kilimo wa kwanza alikuwa mtu wa shamba hasa, tunapima mistari kwa kamba, tunaandika kwenye daftari mbolea kiasi gani, mvua imenyesha lini, gunia ngapi zimetoka, tunajumlisha faida na hasara. Ile ilikuwa elimu na mpaka leo shamba langu naliendesha kwa daftari.

Kisha ikafa na nilikuwepo inakufa. Kilimo kikageuka adhabu. Ukichelewa namba, unapewa kipande cha shamba ulime. Ukiongea darasani, kipande. Ukishindwa kulipa mchango, kipande. Mtoto gani atapenda jembe analopewa akikosea? Na mavuno yakaanza kuelekea jikoni kwa wakubwa. Shule za ufundi nazo mashine za kuchonga vyuma zilikuwepo, spea ikiharibika inasubiriwa mpaka mashine inakuwa kichuguu, wanafunzi wanachora mashine ubaoni.

Kwa hiyo wewe mleta mada nakuuliza, hivyo vipindi 4 vya kazi za mikono umeviandikia bajeti ya vifaa ya kila muhula? Mbao, misumari, mbegu, uzi, sukari ya kupikia? Na anayefundisha ni nani, mwalimu wa historia aliyekosa vipindi? Kama huna majibu hapo andika maktaba 5 utakuwa umefanya la maana zaidi.

Taaluma wa Kata

Shikamoo mzee. Umenishika pabaya 😄 bajeti sina. Ila nilifikiria kumtumia fundi wa mtaani, alipwe kwa siku, kama huyu Gereji Bubu, siku moja kwa wiki anakuja na vifaa vyake, mwalimu anasimamia. Sasa hivi sheria hairuhusu mtu asiye na cheti cha ualimu kusimama darasani hivi hivi, hapo ndipo ningeanza kubadilisha.

Gereji Bubu

Mimi nakuja. Ila wakipoteza spana wanalipa.

Jirani wa Nakuru

Hamjambo majirani, niwape ya kwetu Kenya maana sisi tumekuwa maabara ya haya mambo. 8-4-4 (miaka 8 msingi, 4 sekondari, 4 chuo) ilipoanza 1985 nayo ilikuwa na nia hii hii, useremala, ushonaji, upishi, kilimo, wazazi wakachanga harambee kujenga karakana, nyingine zikageuka stoo ya madawati mabovu. Masomo yalikuwa mengi mpaka watoto wakachoka, miaka ya 2000 yakapunguzwa, na ya mikono ndiyo yalikuwa ya kwanza kuenda.

Sasa tumeingia mfumo wa umilisi tangu 2017. Sekondari ya juu imeanza Januari 2026 na Gredi ya 10, mtoto anachagua njia moja kati ya tatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwa karatasi inapendeza kabisa. Lakini mwanzoni hesabu ilikuwa si lazima kwa wote, watu wakapiga kelele nchi nzima, 2025 ikarudishwa ikiwa za aina mbili, nzito kwa wa sayansi na nyepesi kwa hao wengine. Hiyo ya aina mbili mimi naipenda, fundi wenu angefurahi. Shida iko kwa chaguo lenyewe. Unaambiwa mtoto achague muziki ama uigizaji na shule iliyo karibu na kwenu haina hata kayamba, sasa hapo amechagua ama amechaguliwa na umbali?

Na huku msingi ile miradi ya nyumbani, aki, wazazi ndio walikuwa wanasoma. Saa tatu usiku niko kwa duka natafuta manila na gundi mtoto amelala zamani. Mwenye simu nzuri na printa mtoto wake anapata alama nzuri. Kwa hivyo mleta mada kitu chochote utaweka kwa mtaala wako hakikisha kinaisha shuleni.

Dogo Kodi

Nimesoma uzi wote mpaka chini hakuna hata mmoja aliyeweka kompyuta, mko dunia gani?? Akili mnemba inakuja kuchukua kazi zote na nyie mnagombania figo. Kuprogramu vipindi 6 kila wiki kuanzia kidato cha kwanza, mengine yote mtoto atajifunza mwenyewe yutyubu.

x imepotea

Umekata nini mkuu? Masharti.

Dogo Kodi

kateni hiyo historia na kiswahili

Mama Wawili Moro

Kiswahili hiki kinadaiwa na kila mtu leo.

Taaluma wa Kata

Nimejumlisha mapendekezo yenu yote nikiacha niliyoweka mimi kama yalivyo: Ohm kaongeza 1, mama 2, fundi 4, dogo 6. Hiyo ni 53. Vilivyotajwa kukatwa nikivifuata vyote Kiswahili kinakufa, historia inakufa nusu yake, michezo na maktaba hakuna, na fundi bado ananidai kimoja alichosema nitafute mwenyewe 😂

Ninayoyachukua: muhula wa kurudi nyuma wa x nauchukua mzima mzima, leo hii. Sayansi nimebadilika, zibaki tatu ila mada zipungue. Lugha naafikiana na mama kwa kidato cha kwanza angalau, japo najua kwenye kikao cha wazazi, wenye watoto kata ndio watakaokuwa wa kwanza kupinga, kila mzazi anaamini Kiingereza ndicho kazi. Kuprogramu kwa shule yenye kompyuta chache za msaada na watoto 70, wakikaa saba saba mmoja anabonyeza sita wanatazama, hapana. Nampa dogo 2, vya kuandika barua pepe, kutumia majedwali ya hesabu, kutafuta kitu mtandaoni na kujua hiki ni uongo.

Jingine ambalo hakuna aliyeligusa, saa. Vipindi viwili vya mwisho watoto wangu wengi wanakuwa hawajala tangu asubuhi, na wengine wana kilomita za kutembea kurudi. Somo lolote utakaloweka pale saa saba na kitu mpaka saa nane na nusu umelitupa, hata liwe zuri vipi. Mimi hapo huwa naweka michezo au dini, hesabu zote asubuhi. Walimu wa sanaa wananinunia. Kama kuna kitu kimoja ningekiongeza nje ya hivyo 40 ni uji.

Na 2027, kwa kuwa mtaala mpya unaifanya shule ya msingi iwe miaka sita, darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, Januari 2028 tunapokea mikupuo miwili kidato cha kwanza kwa mara moja. Mtaala wowote mtakaouandika hapa uwe tayari kwa mwaka huo.

Ohm wa Tegeta

Swali la mwisho kwako wewe taaluma. Mtihani je? Maana sasa ni 30 za shuleni na 70 za pepa ya mwisho. Ukibadilisha vyote hivi ukaacha mtihani ule ule mwalimu atafundisha mtihani, na mkuu wa shule atabandika idadi ya divisheni wani getini. 2012 zaidi ya nusu ya kidato cha nne walipata ziro, ikaundwa tume, ghafla matokeo yakapangwa upya. Hakuna aliyesema labda tupime kitu kingine.

Taaluma wa Kata

Ningefanya 50 kwa 50 ila hizo 50 za shuleni zisisahihishwe na mwalimu wa shule hiyo, tubadilishane na shule ya jirani. Maana nikiachiwa mwenyewe watoto wangu wote wana 48 kati ya 50, nisidanganye.

Ramani Mkononi

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha. Naona jiografia imeunganishwa na historia vipindi 5, mama kachukua kimoja, dogo kataka vyote. Kwani sisi tumewakosea nini? Kata mto Tennessee, sina shida, miaka yote nafundisha bonde la Tennessee mtoto hajui maji ya kijijini kwao yanatoka mto gani. Lakini kusoma ramani, upimaji wa ardhi, picha za angani, hali ya hewa, hivyo msiguse. Viwanja vinavyogombaniwa huku kwetu kila siku ni kwa sababu watu hawajui kusoma mipaka ya ramani waliyosainia.

Napendekeza biashara, @x imepotea: kipindi kimoja cha jiografia na kimoja cha hesabu tuviunganishe, tuwatoe nje na kamba na mita, wapime uwanja wa shule wauchore kwa skeli. Uwiano unaoutafuta uko pale, na fundi mchoro wake anaupata. Utakuja?

x imepotea

Nakuja. Ila iwe kabla ya saa nne, na kamba uje nayo wewe, yetu walifungia mbuzi.